Gurudumu Chini ya Kitanda cha Mama

Alunguli, tarehe 9 mwezi wa tatu 2003

Bulaimu, ndugu yangu mudogo,

Pokea salamu za nyumba nzima. Huku tunaamka. Siyo wote kwa afya moja, lakini tunaamka. Muhogo uko. Samaki iko siku ambazo wavuvi hawajakamatwa kubeba mizigo ya wenye bunduki. Chumvi tunaipima kwa kifuniko cha chupa. Musalimie wifi yangu Scholastique, umuambie kile kitambaa alichotuma, Mama amekivaa sikukuu yote, na amesema kina maua mengi kuliko shamba letu.

Sasa Mama mwenyewe. Ule uvimbe wa tumbo, ule aliouita upepo wakati wewe ulipoondoka, si upepo tena. Muuguzi wa hapa ameupapasa, halafu akaenda kunawa mikono muda murefu. Nimejifunza kuwasoma watu wa dawa: wakinawa muda murefu, jibu njo hilo. Daktari wa kupasua iko Kalima. Muuguzi anasema mvua za mwezi wa kumi zisimukute Mama hapa.

Njia ya Kalima imefunguka kidogo, baiskeli zinapita. Nilimuambia Mama tutamubeba kwa tipoyi, kiti juu ya mabega ya vijana wanne, siku nne tutafika. Akanitazama kama vile nimemutukana.

"Mimi, muke wa Muzee Sudi, nipite barabara ya Alunguli nimeinuliwa juu kama mbuzi wa sadaka? Gari ya mume wangu iko nyuma ya nyumba. Nitakwenda nimekaa."

Basi tumeitoa gari. Unakumbuka dawa yetu: kila jeshi lilipoingia, gurudumu la nyuma la kushoto linatoka, linalala chini ya kitanda cha Mama, na gari inabaki juu ya matofali kama kilema. Wenye bunduki wanatazama, wanatukana, wanaenda. Miaka saba Mama amelala juu ya lile gurudumu. Tangu baba afe anasema njo mume wake wa pili, na huyu angalau hakoromi.

Donatien, yule dereva wa mutaa wetu, amekubali kuendesha. Alilifunga gurudumu, akatoka kulijaribu. Kwenye kilometa ya kumi na mbili akasikia tok, tok, tok, akasimama. Ekru sita, zile nati zinazoshika gurudumu, zote zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Akakaza, akarudi polepole. Magurudumu mengine matatu yamenyamaza. Hili moja lina nini?

Siwezi kukuita kwenye fonia. Ile redio kila muntu anaisikiliza: nikisema leo gari iko, kesho haiko. Barua inapita kwa mukono wa Jules, anayepakia mizigo ya ndege. Jibu upesi, kama neno hilo bado lina maana huko kwenu.

Dada yako,
Latifa


Goma, tarehe 27 mwezi wa nne 2003

Yaya Latifa,

Barua yako imetembea siku arobaini na nane, imefika jana ikinuka samaki ya chumvi. Nadhani Jules aliilalia. Sisi tunaishi. Scholastique anasema asante kwa salamu, na maua yalikuwa ya bei nafuu kwa sababu ya wingi wake. Garaji tumeijenga upya juu ya mawe ya volkano. Hapa ukiangusha ekru haipotei, hakuna udongo wa kuificha. Patroni wangu anasema njo faida pekee aliyoletewa na ule mulima.

Habari ya Mama imenitoa usingizi. Musimungoje mwezi wa kumi.

Gurudumu. Siwezi kulitazama, basi wewe utakuwa macho yangu. Toa ekru moja. Upande mumoja ni wa koni, mwingine ni bapa. Koni lazima itazame ndani, ikae kwenye tundu la gurudumu. Donatien asiwe ameigeuza. Halafu angalia matundu yenyewe: yangali duara, ao yamekuwa kama yai? Gurudumu likicheza muda murefu, tundu linapanuka. Angalia ile misumari sita inayotoka kwenye tamburi, kile chuma cha duara ambacho gurudumu linafungwa juu yake, kama meno yake ni mazima. Angalia kando ya kila ekru, kama kuna michirizi ya kutu. Ekru iliyolegea inatoa machozi, utayaona.

Wakati wa kufunga, gurudumu liwe hewani, lisiguse chini. Kaza moja, halafu ile inayoitazama ng'ambo, siyo kwa kuzunguka kama watu wanaopokea chakula. Donatien asisimame juu ya ufunguo. Ninamujua. Baada ya kilometa tano, simama, kaza tena.

Na kitu kingine, ———————————. Hapana, acha. Anza na hayo.

Mubusu Mama mukono kwa ajili yangu.

Bulaimu


Alunguli, tarehe 8 mwezi wa sita 2003

Bulaimu,

Tumepata barua yako, tumeshukuru, Mama ameibusu upande wa nyuma kwa sababu mbele kulikuwa na mafuta ya garaji. Mutoto wa jirani amezaliwa, wamemupa jina la baba yetu bila kuuliza, na analia sawasawa na yeye.

Nimekuwa macho yako. Nililala chini ya gari muchana kweupe, mwanamuke wa miaka hamsini. Majirani walifikiri nimesikia risasi, na wao wakalala chini, kila mumoja kwenye kiwanja chake. Ilituchukua muda kuelewana.

Majibu. Koni zinatazama ndani, zote sita. Matundu nimeyachora kwenye karatasi kwa mukaa, moja moja, nikayalinganisha: duara. Meno ya misumari nimepitisha uzi wa kushonea, haukukwama. Machozi yako. Kila ekru ina muchirizi wa kahawia, kama wanja wa bibi arusi ambaye hakuulizwa.

Na jambo moja ambalo hukuliuliza. Nilipotoa ekru, chini ya koni kulikuwa na unga, na vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Nikafuta kwa kitambaa. Sijui kama ni kitu.

Tumefunga kama ulivyosema, hewani, ng'ambo kwa ng'ambo. Lakini Donatien akaona mikono haitoshi, akachomeka bomba kwenye ufunguo, akapanda, akaruka.

"Mama Latifa," ananiambia, "hii sasa hata malaika Israili haifungui."

Israili hakuhitajika. Kilometa ya ishirini, tok, tok. Mama alikuwa ndani mara hii, amevaa kitambaa cha maua, amekaa mbele kama alivyotaka. Tuligeuza gari, tukarudi nyumbani. Mama akasema: "Mume huyu hataki safari. Amezoea kulala."

Anakula uji tu. Uvimbe unaonekana juu ya nguo.

Komanda wa hapa alikuja kutusalimia, akaulizia gari. Nimemuambia ni mugonjwa. Hayo si ya barua.

Katika karatasi yako kuna mustari umeufuta hadi kalamu imetoboa. Pale kulikuwa nini?

Latifa


Goma, tarehe 25 mwezi wa saba 2003

Yaya Latifa,

Salamu nyingi. Scholastique alikuwa na malaria, imepita. Huku wanasema amani imetiwa sahihi, ndege zimeongezeka, lakini barua yako imekawia zaidi kuliko ile ya vita.

Pale nilipofuta hakukuwa na kitu. Salamu tu niliyoiandika vibaya.

Uchunguzi wako ni wa fundi, sijawahi kuona mwanafunzi wa garaji aliyechora matundu kwa mukaa. Kama matundu ni duara na misumari ni mizima, basi ubaya uko kati ya chuma na chuma. Kuna kitu kinakaa pale kisichotakiwa kukaa. Nijibu hili peke yake, yaya: ule unga ulikuwa rangi gani? Kama ni nyekundu tupu, ni kutu, na kutu tutaiweza. Nimemupa Jules ekru sita mupya na misumari sita. Musitoke kabla hujanijibu.

Mama anywe maji ya muchele.

Bulaimu


Alunguli, tarehe 30 mwezi wa nane 2003

Bulaimu,

Ekru zimefika tano. Jules anasema hakuwahi kuona ya sita, na anayasema huku akitazama mutumbwi. Misumari imefika yote, nafikiri hakujua ni ya kazi gani.

Unauliza rangi. Nilitoa ekru tena, nikakusanya ule unga kwenye sahani nyeupe, halafu nikaona sahani nyeupe haifai, nikachukua nyeusi. Si nyekundu. Ni nyeupe, halafu rangi ya majani, halafu bluu, halafu nyeupe tena, na chini kabisa kuna ya udongo. Yale maganda yana tabaka kama kitabu.

Sasa nitasema, kwa sababu nikinyamaza hutaelewa. Wewe ulipaka mara tatu kabla ya kuondoka: nyeupe ili ifanane na gari ya masista, wakati wale wa kwanza walipokimbia wakipora. Ya udongo, wakati wale waliofuata walipopenda gari nyeupe. Nyeupe tena waliposhiba. Na lile gurudumu la kitandani ulilipaka pande zote mbili, ndani na nje, kwa sababu lilikuwa mikononi mwako.

Mimi pia nimepaka mara tatu. Bluu ya mitumbwi, mwaka ule baba alipokufa. Halafu majani ya jeshi. Hii njo sikutaka kukuambia. Komanda alisema nichague: gari iende na rangi yake ao gari iende bila kurudi. Nikapaka mwenyewe na mufagio. Ilimufanyia kazi miezi minne, ilibeba nini sijui, ilirudi bila viti vya nyuma. Nilikuwa nimemuapia baba kitandani kwake kwamba haitabeba jeshi lolote. Halafu nikaipaka nyeupe ili isionekane ilikotoka. Kila mara gurudumu lilipakwa peke yake chini, ndani na nje, kama ulivyonifundisha, na tamburi pia.

Ukinihukumu, hukumu, lakini niambie la kufanya. Mama hasimami. Muuguzi hanawi mikono tena, anaondoka tu. Tunatoka Jumatatu tarehe 15, kwa gurudumu lolote. Ukipata barua hii kabla, ingia kwenye fonia, sema mbele ya dunia yote, sijali.

Latifa


Goma, tarehe 22 mwezi wa tisa 2003

Yaya,

Barua imefika jana. Tarehe 21. Niliisoma nimesimama mulangoni mwa garaji, nikakimbilia fonia hivyo hivyo na mafuta mikononi. Asubuhi na jioni nimeita. Yule wa fonia ya Kindu anajibu kwamba Alunguli ni ng'ambo ya muto, na kwamba hana muntu wa kuvusha neno. Kesho nitaita tena.

Kama hamujatoka: KWANGUA. Toa gurudumu, chukua kisu, kwangua rangi yote pale gurudumu linapogusa tamburi, na ndani ya kila tundu pale koni inapokaa. Mupaka chuma kiwe kitupu, kinang'aa. Tamburi vilevile. Rangi ni laini. Ekru inashika rangi, haishiki chuma. Gari ikitembea, rangi inasagika, ekru inabaki na nafasi, inalegea. Kila ukikaza unasaga tabaka moja, na chini iko nyingine inangoja. Ni kazi ya saa moja. Mutoto anaiweza.

Sikuhukumu. Rangi ya kwanza ndani ya yale matundu ni yangu. Baba aliniuliza siku ile: "Umefunika kwa karatasi pale panapogusana, rangi isiingie?" Nilikuwa na haraka, wale watu walikuwa wamefika kituo cha treni. Nikamujibu ndiyo, nimefunika. Akaenda kuwaambia majirani mwanawe ameokoa gari kwa brashi. Alikufa akiwa bado anayasema hayo.

Nilijua tangu barua yako ya kwanza, yaya. Gurudumu moja kati ya manne, na ni lile la kitanda. Niliandika, halafu nikafuta. Nikajiambia pengine ni koni, pengine ni Donatien. Nilitaka iwe Donatien.

Niambie hamujatoka.

Bulaimu


Alunguli, tarehe 12 mwezi wa kumi 2003

Bulaimu,

Hakuna barua yako tangu ile ya mwezi wa saba.

Tulitoka tarehe 15 kama nilivyosema. Tulikaza kila kilometa tano. Kwenye arobaini na moja kuna muteremuko. Gari ililala upande mumoja, na gurudumu likatupita. Lilikimbia peke yake katikati ya barabara, limesimama wima, na rangi zake zote. Mama alilifuata kwa macho.

"Angalia," akasema, "mume wangu atafika Kalima mbele yangu."

Donatien alicheka mupaka machozi, halafu machozi yakaendelea bila kicheko. Misumari minne ilikuwa imekatika, ile mupya uliyotuma. Hakukuwa na la kufanya kwa mikono yetu.

Watu wa kijiji cha karibu walitengeneza tipoyi. Mama aliuliza kama kuna yeyote wa Alunguli pale. Nikasema hakuna. "Basi nibebeni," akasema.

Siku ya pili, alasiri, aliomba washushe kiti. Walishusha. Tumemuzika pale pale, kilometa ya sabini na tatu. Kulikuwa na Waislamu watatu kijijini, pamoja nasi wakatosha.

Gari tumeivuta nyumbani. Usiniandikie tena habari ya gurudumu.

Latifa


Alunguli, tarehe 11 mwezi wa tano 2025

Bulaimu, ndugu yangu,

Salamu kwako, kwa Scholastique na magoti yake, na kwa wajukuu. Huku amani iko ya kutosha kulalamikia bei ya sabuni. Tunasikia kwenu kumefungwa tangu mwezi wa kwanza, ndege hazitui, na simu yako inalia bila kuitika. Mwaka ule ulikuwa ukituhurumia ukiwa Goma. Leo zamu yangu, na sijui zaidi ya ulivyojua wewe. Barua hii anabeba Ange, binti wa jirani anayefanya biashara ya nguo. Anasema kupitia Punia na Lubutu iko njia. Ange ananidanganya kwa upole, nami ninamupa barua.

Miaka yote tumezungumza kwenye simu habari ya watoto na mafua. Ulikuja mara moja, tukaenda kilometa ya sabini na tatu, tukarudi, gari ilikuwa uani na sisi wote wawili tukakaa tumeipa mugongo. Sasa sijui kama nitakuona, basi nisikilize.

Barua yako ya KWANGUA ilifika tarehe 3 ya mwezi wa kumi na moja, mwezi mumoja na nusu baada ya mazishi. Niliisoma, nikachukua kisu cha jikoni. Nilianza baada ya sala ya adhuhuri. Nyeupe yangu, majani ya komanda, bluu ya mitumbwi, nyeupe yako, udongo wako, nyeupe yako ya kwanza, na mwisho ile ya kijani ya baba aliyonunua nayo. Halafu chuma. Alasiri haikuwa imeadhiniwa. Donatien alitafuta misumari, akafunga kwa mikono mitupu, bila bomba.

Miaka ishirini na mbili, Bulaimu. Gari imefika Kalima mara ambazo siwezi kuhesabu, imefika Punia, mara moja imefika Lubutu. Zile ekru hazijasogea hata unywele.

Sasa lile nililobaki nalo. Ule mustari ulioufuta. Nilikuuliza pale kulikuwa nini, kama muntu asiyejua. Nilikuwa najua. Siku ile ile barua ilipofika niliinua karatasi juani, na herufi zikatokea upande wa nyuma, kwa sababu una mukono muzito. *Kwangua rangi kwenye matundu.* Nilisoma vizuri kabisa. Mwanzo wa mwezi wa sita, Mama akiwa bado anakula uji na kutukana.

Nilijiambia: yeye ni fundi. Ameandika, amefikiri, amefuta. Basi si hiyo. Nikaenda kuchora matundu kwa mukaa, halafu nikakuuliza ili uniambie mwenyewe, ukajibu ni salamu uliyoiandika vibaya, nikakuamini.

Na nitasema yote. Kukwangua kungeonyesha majani ya komanda, ningelazimika kukuandikia nilichokiona, na nilikuwa bado sijakuambia. Kati ya sababu hizi mbili, sijui ipi njo ilinishika mukono. Nimezipima muda murefu, na mizani haikai.

Ulibeba peke yako kwa sababu ulifikiri neno lile halikufika. Lilifika.

Kitanda cha Mama ninalalia mimi sasa. Chini yake hakuna kitu, nimepafagia. Ukipata njia, njoo, kuna nafasi. Katika barua hii sikufuta hata neno moja. Pale nilipokosea nimeacha kosa, ulisome.

Dada yako,
Latifa